Inchi Moja

Kanuni ya jimbo letu inasema pipa ni tupu
ikiwa masalio yaliyoganda chini
hayazidi inchi moja.
Nimeisoma mara nyingi kuliko Baba Yetu
na sikuwahi kujiuliza inchi hiyo
inakaa nyumbani kwa nani.

Mapipa arobaini na mawili yalitoka kwa Stanczyk,
wapaka kromu, ng'ambo ya reli, karibu na mto Ohio,
siku ya themanini na nane
katika tisini walizoruhusiwa kukaa na uchafu wao.
Fomu ilikuwa safi. Nakala kwa aliyezalisha,
nakala kwa aliyebeba, nakala kwa aliyepokea,
na moja kwangu, Bernadine Kuchta,
ghorofa ya tatu, dirisha linalotazama maegesho.
Saini tatu, kalamu tatu, hakuna palipofutwa.
Yalipokewa arobaini na mawili.
Yakamwagwa arobaini na mawili.
Mashine ya kubonda ikahesabu arobaini na moja.

Debe tupu haliachi kuvuma, husemwa.
Hili lilinyamaza tangu Machi.

Nililikuta nyuma ya nyumba ya Delmar Prewitt, dereva,
limesimama chini ya mfereji wa paa,
la bluu, halina kutu, komeo la mfuniko bado linang'aa.
"Pipa zuri namna hii, walibonde?"
aliniuliza kama mtu aliyeokota mbwa barabarani.
Mvua ya Aprili imo humo, na ya Mei, na ya Juni,
na kila jioni akirudi safari
huchota kwa kopo la kahawa
akazinywesha nyanya zake.

Nyanya hizo nazijua.
Agosti tatu mfululizo ameniletea ofisini
ndani ya mfuko wa karatasi
ulioandikwa BERNIE kwa penseli,
nami nikazikata juu ya sinki la idara,
chumvi kidogo, nimesimama,
maji yakinichuruzika hadi kiwiko.
Zile zilikuwa za miaka ya nyuma, kabla ya pipa.
Nilihesabu miaka kwa vidole, papo hapo, uani kwake,
nikahesabu tena.

Nikazamisha fimbo ya kupimia.
Tope la njano lilishika robo tatu ya inchi.

"Sasa, ni tupu au si tupu?"
Oleta, mkewe, alikuwa ametoka jikoni
na mjukuu kiunoni, kidevu cha mtoto kina mchuzi mwekundu.
Nilitazama kidevu kile kwa muda mrefu mno.
"Kwa sheria," nikasema, "ni tupu,"
na neno likanikaa mdomoni kama sarafu.

Niliandika: *Hakuna kosa.* Tarehe. Saa nne na dakika kumi.
Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kupita kawaida.
Kisha nikamwomba Delmar aniuzie pipa lake.
Akacheka. Nikamwambia ang'oe nyanya, zote, na mizizi,
na asiniulize kwa kifungu gani,
kwa sababu kifungu sina.
Aliacha kucheka kabla sijamaliza.
Oleta alikuwa amekwisha kumfuta mtoto,
kwa ncha ya aproni, tena na tena,
pale palipokuwa pameshatakata.

Maji tuliyahamishia kwenye madumu kumi na moja.
Tope nililifunga kwa komeo lile lile zuri.
Na sasa naendesha gari la serikali, maili arobaini kwa saa,
barabara ya mtoni, mchana kweupe,
pipa limefungwa kamba nyuma yangu, madumu yakigongana,
sina bango la hatari, sina kibali cha kusafirisha,
sina nakala hata moja
kati ya zile nne ninazowatoza watu faini kwa kuzikosa.

Likiguna kwenye kona, nami naguna.
Robo tatu ya inchi.
Mbele yangu kuna kituo cha polisi wa barabarani,
na ofisa ananipungia mkono,
ananifahamu, pita tu, Bernie, pita.